Usukani Uko Upande Gani? Safari ya Spea za Kijapani Hadi Muhima

Ukienda Muhima kutafuta spea ya gari, mwenye duka haanzi kwa kukuuliza jina la gari. Anakuuliza usukani uko upande gani. Wengine wanasema "vola", Kifaransa cha mtaani, lakini swali ni lile lile: kushoto au kulia? Ukijibu, anainuka kwenye kiti. Usipojibu, anaendelea kunywa chai yake, maana ndani ya duka lake kuna vitu ambavyo havitakufaa hata kama vimetoka kwenye gari la jina moja na lako.

Nimeandika makala hii kueleza swali hilo limetoka wapi. Historia yake inapita Japani, Mombasa na Dubai, inagusa Wanyarwanda waliokimbia na kurudi, na mwisho inafika kwetu kambini, kwa vijana wenye cheti cha umekanika na ambao hawajapata kazi.

Kwa wasiofika: Muhima ni mtaa wa mteremko, kati ya katikati ya jiji la Kigali na Nyabugogo. Basi letu la kutoka Nyamagabe linaishia Nyabugogo, kwa hiyo Muhima ndiyo mlima wa kwanza unaoupanda kwa miguu kama huna pesa ya moto. Watu wengi wanaujua mtaa huu kwa sababu ya hospitali, ile ambayo watoto wengi wa Kigali wamezaliwa. Mafundi wanaujua kwa sababu ya maduka ya spea. Bampa zimening'inizwa mlangoni, taa zimepangwa kama sahani kabatini, na ndani kabisa kuna injini zimelala chini zikiwa bado na mafuta. Ng'ambo ya mto Nyabugogo kuna Gatsata penye magaraji. Fundi akiwa Gatsata akikosa kitu, anampigia mtu wa Muhima, na wa Muhima naye hivyo hivyo.

Kwa nini tulienda

Mimi nafanya kazi na vijana katika kambi ya Kigeme. Kambi yetu ilifunguliwa mwezi wa 6 mwaka 2012, vita vya M23 vilipotutoa Kivu ya Kaskazini. Nilikuja mwaka huo, nikiwa bado shule ya msingi.

Katika kikundi chetu kuna vijana watatu waliomaliza mafunzo ya umekanika, wavulana wawili na binti mmoja. Walipewa vyeti, tukapiga picha, tukala. Baada ya hapo wakakaa nyumbani. Kila garaji walipobisha hodi waliulizwa uzoefu, na uzoefu wao ulikuwa ile karatasi. Na nyote mnajua hali ilivyo: tangu 2021 msaada wa chakula umekatwa na familia zimegawanywa kwa makundi, kwa hiyo kijana wa miaka 20 aliyekaa tu nyumbani ni mzigo, na yeye mwenyewe anajua kwamba ni mzigo.

Fundi mmoja wa Nyamagabe ndiye aliyetupa njia. Ana RAV4 ya zamani, usukani kushoto, taa ya mbele upande wa kulia imevunjika. Akasema: "Nendeni Kigali mniletee taa ya okaziyo. Mkileta iliyo sahihi, nitawachukua mjifunze hapa kwangu. Mkileta ya hovyo, pesa zangu zimepotea na sitaki kuwaona." Akatuhesabia pesa. Tukaomba barua za ruhusa, tukapanda basi wanne.

Wajapani wanauza magari mapema

Tuanze mbali kidogo. Kwa nini dunia imejaa magari ya Kijapani yaliyotumika? Watu husema ni kwa sababu Wajapani ni matajiri na hawapendi kitu cha zamani. Hiyo ni nusu tu ya jibu.

Japani gari jipya la mtu binafsi linapewa miaka 3 kabla ya ukaguzi wa kwanza, halafu linakaguliwa kila miaka 2. Ukaguzi huo wanauita shaken, na sheria yake ni ya 1951. Siku ya shaken mwenye gari halipii ukaguzi peke yake. Analipa pia kodi ya uzito wa gari na bima ya lazima, na kama kuna kitu kimechoka, anatengeneza kwanza. Hadi 1995, gari lililozidi miaka 10 lilitakiwa kwenda kila mwaka. Halafu kuna mambo ya nafasi: tangu 1962, mtu wa mjini hawezi kusajili gari bila kuonyesha kwamba ana mahali pa kuliegesha nje ya barabara. Kwa hiyo mtu anapiga hesabu. Gari lina miaka saba au tisa, halina ubaya, lakini shaken inakaribia. Anaona afadhali aliuze.

Mwaka 2005 ikaanza sheria nyingine ya kushughulikia magari yaliyokufa. Mwenye gari analipa ada ya kulivunja na kutupa taka zake vizuri. Lakini gari likipelekwa nje ya nchi, ada hiyo inarudishwa. Yaani gari likivuka bahari, kuna mtu anarudishiwa pesa.

Waliofungua njia ya kulivusha hawakuwa Wajapani peke yao. Wapakistani waliofika Japani miaka ya 1980 kutafuta kazi walijifunza minada ya magari, wakaanza kununua na kuuza nje, wakishirikiana na ndugu zao walioko Dubai na Mombasa. Kampuni kubwa za mtandaoni zilikuja baadaye. BE FORWARD, ambayo stika yake unaiona kwenye vioo vya magari ukanda wetu wote, ilianzishwa 2004. Nataka vijana wa kambi wakumbuke hao wa kwanza. Walikuwa wageni kwenye nchi ya watu, hawakuwa na kiwanda, lakini walijua gari gani linatakiwa wapi.

Mashariki ya Afrika soko lilikuwa tayari. Gari la Kijapani lilipata heshima kwenye matope ya Safari Rally. Mwaka 1970 Datsun ilishinda. Shekhar Mehta, mtu wa Kenya, akashinda 1973 na Datsun, kisha tena kuanzia 1979 hadi 1982 mfululizo, jumla mara tano. Joginder Singh, naye wa Kenya, alishinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Mtu aliyesimama kando ya barabara na kuona gari dogo linapita pale ambapo lori limekwama, hakuhitaji tangazo la redio.

Herufi moja tu

Vijana wetu wanaangalia video za Japani kwenye simu: magari yaliyoshushwa chini, yanateleza kwenye kona za milimani usiku, yanakutana kwa mamia kwenye eneo la maegesho la Daikoku pale Yokohama. Wanaona kama ni dunia nyingine. Kumbe dunia hiyo na Muhima ni jirani.

Gari linalopendwa kuliko yote katika ule mchezo wa milimani linaitwa AE86. Lilitengenezwa kuanzia 1983 hadi 1987. Katika hadithi ya katuni ya Initial D, iliyoanza kuchapishwa 1995, kijana analiendesha akipeleka tofu usiku, yaani chakula cha maharage ya soya, na anawashinda wenye magari makubwa. Sasa, AE86 ni nini? Ni Corolla. A ni familia ya injini, E ni familia ya Corolla. Injini yake ni 4A-GE. Corolla nyingi zilizobeba abiria na magunia ya viazi huku kwetu, zile ambazo Bujumbura watu wanaziita TI, zina injini za familia hiyo hiyo ya A, kama 4A-FE. Tofauti ni herufi moja baada ya kistari. G maana yake kichwa cha injini kimeundwa kwa nguvu. F maana yake kimeundwa kwa kubana mafuta. E ya mwisho ni mfumo wa umeme wa kuingiza mafuta.

RAV4 ya kwanza, iliyotoka 1994 na ambayo Kigali imejaa, ina 3S-FE. Celica zilizoshinda Safari Rally 1990, na kisha kila mwaka kuanzia 1992 hadi 1995, zilikuwa na 3S-GTE. Ya 1994 iliendeshwa na Ian Duncan wa Kenya. T hapo ni tabo. Kwa hiyo lile gari la fundi wetu pale Nyamagabe, lenye kutu mlangoni, lina undugu na gari la mabingwa.

Nawaeleza haya kwa sababu kuwinda spea ni kazi ya kusoma, ingawa mikono inachafuka. Kijana wa Japani anayetafuta spea ya AE86 kwenye maduka ya vitu vilivyotumika anafanya kile kile anachofanya fundi wa Muhima: anageuza kitu, anafuta vumbi kwa kidole gumba, anatafuta namba. Toyota wanaandika namba zao kwa tarakimu kumi, na tano za mwanzo zinakuambia kitu chenyewe ni nini. 04465 ni pedi za breki za mbele. 27060 ni oltaneta. 28100 ni stata. 48510 ni shokabsoba ya mbele kulia, 48520 ya mbele kushoto. 81110 ni taa ya mbele kulia, 81150 ya kushoto. Tano za mwisho zinasema ni ya gari lipi hasa. Usijue Kijapani, usijue Kiingereza, namba haibadiliki. Namba hizo ziko hivyo hivyo Kirinyaga Road kule Nairobi, na soko la Kisekka kule Kampala.

Upande

Sasa tunarudi kwenye swali la mwenye duka.

Japani wanaendesha kushoto mwa barabara, usukani kulia. Uganda, Kenya na Tanzania nao hivyo, kwa sababu ya Waingereza. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia, usukani kushoto, kwa sababu ya Wabelgiji. Ukitoka Uganda kupitia Gatuna, au Tanzania kupitia Rusumo, unavuka mpaka na kuvuka barabara kwa wakati mmoja. Ukihesabu nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki leo, tatu zinaendesha kushoto na tano kulia: Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia. Lakini bandari kubwa za magari, Mombasa na Dar es Salaam, ziko kwenye zile tatu.

Baada ya 1994 Wanyarwanda waliokuwa wakimbizi tangu 1959 walirudi kwa wingi. Waliotoka Uganda, Kenya na Tanzania, mwenye gari alirudi na gari la huko, usukani kulia. Nilipolifikiria hili nilinyamaza kidogo. Mtu amekaa ukimbizini miaka thelathini, anarudi kwao, na gari lake linamwambia kila akitaka kupita lori kwamba amekulia mahali pengine, kwa sababu hawezi kuona mbele mpaka ajitokeze katikati ya barabara.

Mwaka 2005 Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari ya usukani wa kulia, kwa sababu ya ajali. Ni mwaka ule ule Japani ilipoanza kurudisha ada kwa magari yanayotoka. Mlango wa kule ulifunguka zaidi, wa huku ukafungwa. Baada ya Rwanda kuingia Jumuiya mwaka 2007, mjadala wa kuhamia kushoto ulizungumzwa miaka mingi, lakini mpaka leo tunaendesha kulia. Si kwamba haiwezekani. Okinawa, kisiwa cha Japani kilichokuwa chini ya Wamarekani, kilihamia kushoto tarehe 30 mwezi wa 7, 1978, usiku mmoja. Samoa ilihamia kushoto mwaka 2009, na sababu moja kubwa ilikuwa watu wapate magari ya bei nafuu kutoka Australia, New Zealand na Japani.

Kigali ilifanya kinyume: watu walibaki upande wao, wakatafuta magari kwingine. Ndiyo maana Kigali unaona magari mengi ya Korea kama Santa Fe. Korea wanaendesha kulia kama sisi. Ndiyo maana unaona Toyota zilizopita Ulaya. Ile Carina E ambayo wazee wa teksi waliipenda ina jina la Kijapani, lakini ilianza kuundwa 1992 Burnaston, Uingereza, kwa ajili ya soko la Ulaya. Na ndiyo maana Dubai na jirani yake Sharjah ni muhimu. Kule wanaendesha kulia, kuna viwanja vikubwa vya magari yaliyokatwakatwa, na kuna mafundi wanaolichukua gari la Japani na kulihamisha usukani kutoka kulia kwenda kushoto.

Lakini sheria ilizuia gari zima. Vipande viliendelea kuja, kwa sababu injini haina upande. Oltaneta haina upande, stata haina, pedi za breki hazina. Gari la Japani likikatwa, injini yake inaingia kwenye gari la usukani wa kushoto bila neno. Vyenye upande ni vichache, na ni vile vinavyomhusu anayeendesha: reki ya usukani, dashibodi, pedali, mikono ya waipa. Na taa.

Taa inawashangaza wengi. Taa ya kulia ni taa ya kulia, si ndivyo? Hapana. Mwanga wa chini wa taa za mbele haukatwi sawasawa. Upande mmoja unarushwa mbali zaidi, kumulika ukingo wa barabara na watu wanaotembea kwa miguu. Kwa gari la Japani upande huo ni kushoto. Ukifunga taa hiyo kwenye gari la Rwanda inakaa vizuri kabisa, skrubu zote zinaingia, lakini usiku inarusha mwanga machoni mwa anayekuja. Hutajua mpaka giza liingie, au mpaka kontoro tekiniki, ambako taa nazo zinapimwa. Mpitaji wa miguu upande wako naye anabaki gizani. Barabara yetu ya Nyamagabe ina kona, ukungu, na watoto wanaorudi kuchota maji. Kwa hiyo fundi aliposema "iliyo sahihi" hakuwa anatutania.

Siku ya Muhima

Tulipofika, makomisioneri walituona kabla hatujawaona. Hao ni vijana wanaosimama nje, hawana duka, wanakukamata mkono na kukupeleka kwa mwenye kitu, halafu wanapata chao. Watu wanawalaumu, lakini mimi nawaona kama maktaba inayotembea. Yule wetu aliuliza maswali matatu tu: gari gani, mwaka gani, usukani wapi. Akatupeleka duka la kwanza, la pili, la tatu. La kwanza walikuwa na taa mpya ya kuiga, nyepesi kama kikombe cha plastiki. La pili hawakuwa nayo.

La tatu alikuwepo mzee anayesema Kiswahili safi cha Biryogo. Alitoa taa ya okaziyo, kioo kizima, masikio yote matatu ya kufungia yapo. Bei 60,000. Wavulana walishaanza kutabasamu. Binti akaomba aishike. Akaigeuza, akafuta kioo kwa kitenge, akaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Yaya," akaniambia kwa sauti ya chini, "hii ina mshale."

Taa za soko la Ulaya zina alama ya herufi E ndani ya duara, na karibu yake kunaweza kuwa na mshale mdogo. Taa isiyo na mshale ni ya nchi zinazoendesha kulia. Yenye mshale wa kichwa kimoja ni ya kushoto, kama Uingereza. Yenye vichwa viwili inafaa pande zote. Mwalimu wao aliwaambia hilo siku moja darasani, kwa dakika mbili, na yeye peke yake aliliandika.

Akamrudishia kwa mikono miwili. "Mzee, shikamoo, samahani. Hii imetoka gari la Uingereza. Sisi tunatafuta isiyo na mshale."

Mzee aliichukua, akavaa miwani, akaangalia. Akacheka. "Mwanangu, umefanya kazi garaji gani?"

"Bado sijafanya, Mzee. Tumetoka Kigeme."

Hakusema kitu. Akaingia nyuma, akakaa muda mrefu, tukasikia vyuma vinahamishwa. Akarudi na nyingine, kioo kimechubuka kidogo pembeni, lakini E ipo na mshale haupo. Tukaomba 40,000, tukakubaliana 45,000. Akatupa karatasi yenye namba yake, akasema tukitaka kitu kingine tupige, tusihangaike na nauli kwanza.

Fundi wa Nyamagabe aliifunga jioni ya kesho yake. Tulisubiri giza, akaliegesha gari mbele ya ukuta, akawasha. Mwanga ulipanda upande wa kulia, kama unavyotakiwa. Akawaambia waje Jumatatu.

Ninachotaka kusema kwenu

Kwa wafanyakazi wa mashirika: mafunzo yenu ya umekanika ni mazuri, na nawashukuru. Lakini yanamfundisha kijana kufungua na kufunga, halafu yanaishia hapo. Soko linataka mtu anayejua kusoma spea. Siku mbili za namba na pande zingewasaidia wengi. Siku moja ya kutembea Muhima na Gatsata na fundi mzoefu ingewasaidia zaidi, na gharama yake ni nauli.

La pili ni la barua za ruhusa. Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, hilo liko wazi. Lakini barua ya kutoka kambini huwa ni ya siku chache, na kujifunza kwa fundi ni miezi. Vijana wetu watatu kila mara wanarudi kupanga foleni kwa ajili ya karatasi, na siku hiyo garaji inafanya kazi bila wao. Mwajiri akiona mtu anakosekana kila mara, haulizi sababu. Tunaomba barua inayolingana na muda wa mafunzo. Ni jambo la kalamu tu.

Kwa wakazi wenzangu: angalieni barabara inayopita chini ya kambi yetu. Inatoka Huye, inapita Nyungwe, inafika Rusizi, na ng'ambo ni Bukavu. Malori ya mizigo yanayotoka upande wa Tanzania yanapita hapo, usukani kulia. Mengine yanaharibikia hapo hapo mlimani. Mafundi wengi wa hapa wamekulia kwenye magari ya usukani wa kushoto. Lakini kambini kwetu kuna wanaume waliokuwa madereva na mafundi Goma, Masisi na Rutshuru, ambako magari ya Japani ya usukani wa kulia yalijaa barabarani ingawa tuliendesha kulia. Wanaijua ile reki gizani. Wanajua jinsi ya kukaa kiti cha abiria na kumwambia dereva "pita" au "subiri". Wamekaa miaka kumi na zaidi bila mtu kuwauliza.

Muulizeni baba yako, au mjomba wako, alikuwa anatengeneza gari gani, na usukani ulikuwa upande gani. Mkipata jibu, njooni kituo cha vijana Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Tumeanza daftari. Ukurasa wa kwanza una namba nilizowaandikia hapo juu. Kurasa zinazofuata ni za wazee hao, na wale vijana watatu ndio wanaoandika.